Mkanda wa Shangazi na Mkanda wa Baba Mkwe

Mashine ililetwa karakanani kwangu kwa toroli, imefunikwa shuka kama mgonjwa asiyetaka kuonwa na majirani. Nilipofungua kifuniko walitoka mende kumi na mmoja. Wa kumi na mbili alibaki ndani akinitazama, kwa maana yeye ndiye aliyekuwa mwenye nyumba, mimi mgeni.

Ilikuwa mashine ya tepu ya zamani, ile ya rili mbili kubwa kama sahani, nzito kiasi kwamba kuibeba lazima kwanza usamehewe dhambi zako. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo juu ya barabara yetu, mama mrefu aongeaye kama anasoma maagizo ya mtihani, akanieleza shida yake kwa utaratibu. Wameezua paa la stoo, wameikuta mashine na tepu moja. Tepu hiyo ina wimbo wa shule, uliorekodiwa miaka arobaini na sita iliyopita ukachezwa redioni. Ukumbi mpya unafunguliwa Jumamosi. Juu ya mlango wa jukwaa litaandikwa jina la mtoto aliyeimba peke yake ule ubeti wa kwanza. Tatizo ni kwamba jina hilo halimo katika daftari lolote.

"Wewe tengeneza," akasema, "tutasikia wenyewe ni nani."

Nikamwambia hakuna shida. Mimi nimefukuzwa kazi mara tatu, mara mbili kwa haki, na zote zilianza kwa maneno hayo hayo: hakuna shida.

Na shida ilikuwepo, kwa sababu waliowahi kudai ubeti ule walikuwa wawili, na wote wawili nilikuwa nimewaoa. Maana yake, nilimwoa binti yao. Wa kwanza ni baba mkwe wangu, seremala mstaafu. Wa pili ni dada yake, shangazi wa mke wangu, mshonaji. Walisoma darasa moja, ingawa Shangazi ni mkubwa kwa mwaka mzima. Yeye husema alirudia darasa la tatu kwa hiari, ili amlinde mdogo wake.

Na hakuna aliyekuwa mwongo kati yao, hapo ndipo ulipo ugumu wenyewe. Mwalimu wao wa muziki alikuwa na tepu moja tu. Leo alimrekodi huyu, kesho akafuta akamrekodi yule juu yake, mpaka aliporidhika akaipeleka redioni. Siku ya kuchezwa, darasa zima lilizunguka redio moja ndogo iliyokoroma kama mzee mwenye mafua, na kila aliyewahi kuimba alisikia sauti yake mwenyewe. Redio ilitaja jina la shule tu, basi. Mwalimu akahamishwa, akafariki, na ugomvi akawaachia wanafunzi wake kama urithi.

Shangazi alidai kwa sababu hapendi kushindwa. Baba mkwe alikuwa na sababu nzito zaidi. Yule mzee ametengeneza milango ya nusu ya mji huu na hakuna mlango hata mmoja wenye jina lake. Wimbo ule ndiyo mara ya pekee dunia ilinyamaza ikamsikiliza. Ameusimulia kwenye harusi, kwenye misiba, kwenye foleni ya maji. Nilipokwenda kuposa nilisimuliwa kabla sijapewa kiti. Jina lake likikosekana juu ya mlango ule, atalazimika kuishi miaka iliyobaki bila hadithi, na mzee asiye na hadithi hushinda nyumbani kwa mkwe wake akikagua bawaba.

Basi nikaanza kazi. Mkanda wa mpira, ule unaotoa mzunguko kwenye mota na kuupeleka kwenye gurudumu linalovuta tepu, ulikuwa umeyeyuka ukawa lami. Nilipougusa ulinifuata kidoleni, kutoka kidoleni ukaenda kwenye bisibisi, kutoka hapo kwenye shati, na jioni mke wangu aliukuta kwenye sikio langu. Nikasafisha kwa spiriti na pamba siku nzima. Mkanda mpya wa mashine ya namna ile haupatikani popote, labda uuzwe na aliyekufa. Nikachukua tyubu ya baiskeli, nikakata pete moja nyembamba, nikaiviringisha kwenye puli, vile vigurudumu vinavyobeba mkanda. Mashine ikakohoa, rili zikazunguka, na mtoto akaanza kuimba.

Nikakaa chini kwenye ndoo. Hata uwe fundi mgumu namna gani, mtoto wa miaka arobaini na sita iliyopita akikuimbia ndani ya karakana yako, unakaa.

Sauti ilikuwa nzito kidogo, ya mvulana mwenye kifua. Nikajisemea, baba mkwe kashinda. Kisha fundi ndani yangu akaamka: na mkanda je? Ule wa kwanza ulikuwa mnene au mwembamba? Nikakata mwingine mnene zaidi, unene wa ukucha tu. Pale mkanda unapopanda puli ya mota, puli inakuwa kama imenenepa, na mwendo unaongezeka. Rili zikazunguka haraka zaidi, sauti ikapanda. Sasa alikuwa msichana, mwembamba, mkali, mwenye haraka ya kwenda kumsemea mtu kwa mwalimu. Shangazi mtupu.

Kama ningekuwa na akili ningenyamaza. Lakini jioni hiyo tulialikwa kula kwa wakwe zangu, na mimi nikishiba nageuka mhadhiri. Nikawaeleza habari za mkanda kwa vijiko na mkufu wa mke wangu: mwembamba, anaimba mvulana, mnene, anaimba msichana. Mke wangu alinikanyaga mguu chini ya meza. Nilidhani ni mapenzi.

Hapo watu wakaanza kupiga hesabu. Baba mkwe alikitazama kijiko. Shangazi aliutazama mkufu. Ni mama mkwe peke yake aliyeendelea kukusanya vyombo. Ni mwanamke wa maneno machache, na machache hayo hupitia kwenye mwanya wa meno yake ya mbele, kwa hiyo kila "s" yake hutoka na kimluzi kidogo, kama birika linaloanza kuchemka mbali.

"Sikiliza hadi mwisho," akaniambia akichukua sahani yangu. "Mwishoni kuna kengele."

Akaenda zake jikoni. Sikumtilia maanani. Nilikuwa bado natafuta mguu wangu.

Kesho yake asubuhi Shangazi alikuwa wa kwanza kupiga hodi. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akanisalimu mimi, watoto, majirani, na mashine. Akasifu usafi wa karakana, na hapo nikajua nimekwisha. Kisha akafungua mkoba, akatoa mkanda wa ngozi wa cherehani yake.

Nikamweleza kwa adabu kwamba ni mnene mno.

"Ndiyo maana nimeuleta," akasema.

Nikamwambia kwa mkanda ule mtoto ataimba kama mbu. Akanijibu kwamba utotoni sauti yake ilikuwa nyembamba kweli, watu waliisifu. Akauacha mezani, akasema umezungusha cherehani miaka ishirini bila kumdanganya hata siku moja, nami kama mkwe mwema nijifunze kutoka kwake.

Hajafika mwisho wa barabara, baba mkwe akatokea upande wa pili. Bila shaka alikuwa amejificha nyuma ya kibanda cha kinyozi, maana alikuwa na nywele za mtu mwingine begani. Mkononi alishika kipande cha msasa, kile laini kabisa cha kumalizia. Hakutaka mengi. Alitaka aachiwe na mkanda dakika tano.

"Mkwe, mimi sikati kitu. Nitapitisha tu msasa."

"Baba, ukipitisha msasa unabadilisha mwimbaji."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Nilikupa binti mzima," akasema taratibu, "sikukupima hata kwa futi. Wewe leo wanikatalia unene wa ukucha."

Fundi mwenye wakwe si fundi, ni mateka mwenye bisibisi. Nikamwambia nitafanya haki. Akaondoka akiwa amenyooka kama ubao, akausahau msasa wake, na nikaona ni uzee ule uliosahau, si hila.

Mke wangu alinikuta nimeweka vitu viwili mezani, ngozi na msasa, nikivitazama kama mtu aliyeambiwa achague sumu. Akacheka hadi akashika ukuta. Kisha akauliza swali ambalo ningepaswa kujiuliza mwenyewe: hiyo kengele ipo?

Tukasogeza tepu hadi mwisho. Wimbo ukaisha, zikafuata kelele za viti, halafu, kweli, ngo! Kengele ya shule. Tukatazamana. Kengele ile si kengele, ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye boriti la kibaraza cha shule, na iko pale hadi leo. Rimu ya chuma haizeeki sauti. Ukiipiga leo italia vilevile ilivyolia siku ile. Basi mkanda wa kweli ni ule utakaoifanya kengele ya kwenye tepu ilie sawa na rimu, na mtoto atakayeimba hapo ndiye.

Tatizo, rimu iko shuleni, mashine iko karakanani, na mashine iliyofunguliwa hivyo haibebeki. Sauti ndiyo ilibidi ibebwe. Mimi sikio langu ni la mbao, ila mke wangu akisikia sauti anaishika. Tukapanda hadi shuleni, mlinzi akaipiga rimu mara moja, mke wangu akafumba macho, akaidaka kwa mdomo uliofungwa: "Mmmmm." Tukaanza kushuka.

Sijawahi kutembea safari ndefu kama ile ya dakika kumi. Asingeweza kusema, asingeweza kucheka, na alipumua puani kwa zamu. Kinyozi akamsalimu: mmmm. Muuza nyanya akamuuliza za watoto: mmmm. Ikabidi mimi niwe msemaji wake, nikawaambia ana jino. Kosa kubwa. Mtaani kwetu ukisema njaa utapita salama, lakini ukisema jino kila mtu ni daktari. Mmoja akasema karafuu, mwingine maji ya chumvi, wa tatu akajitolea kuling'oa palepale kwa koleo alilokuwa nalo. Mke wangu alitazama mbele tu, machozi yakimlengalenga, si ya jino, ni ya kicheko kilichokosa mlango.

Tukakaribia kona ya karakana. Hatua ishirini zimebaki. Na nani kasimama pale, kaja kufuata msasa wake? Baba mkwe.

"Mwanangu," akasema, "hujambo?"

Nilimwona mke wangu akipigana. Kinyozi unaweza kumnyima salamu, utaomba radhi kesho. Lakini baba aliyekuzaa, uso kwa uso, mchana kweupe? Alihimili hatua mbili.

"Sijambo Baba, shikamoo."

Na sauti ya rimu ikaanguka barabarani, ikapotea.

"Marahaba," akasema baba mkwe. "Nasikia una jino."

Tulirudi shuleni. Mlinzi, ambaye ni mzee kuliko rimu yenyewe, alisikiliza mkasa wetu hadi mwisho bila kuonyesha meno. Kisha akaingia kibandani mwake, akatoka na chupa tupu ya soda. Akaijaza maji nusu, akaipuliza mdomoni, ikalia vuuu. Akapiga rimu, akasikiliza, akamwaga maji kidogo. Akapuliza tena. Alipomwaga mara ya nne, chupa na rimu zilikuwa ndugu wa tumbo moja.

"Zibeni kwa kidole," akasema. "Na mkisalimiwa, itikieni."

Nikakata mikanda saba ya tyubu siku ile. Kila mmoja niliuvisha, nikaenda hadi kengele, mke wangu akapuliza chupa. Mwembamba wa baba mkwe: kengele ya tepu ilikuwa chini ya chupa. Mnene wa Shangazi: ikawa juu. Wa tano, uliokaa katikati yao kama mtoto aliyelazwa kati ya wazazi waliogombana, ulikubaliana na chupa barabara.

Tukarudisha tepu mwanzo. Mtoto akaimba, na hakuwa mvulana mwenye kifua wala msichana mwenye haraka. Ila bado alikuwa kama anaimba ndani ya blanketi. Mstari wa kwanza wa wimbo wenyewe unasema, "Asubuhi sote husimama sawasawa." Mimi nilisikia "Aubuhi ote huimama awaawa." Mashine ikimeza "s" namna hiyo, ujue kile kichwa kinachosoma tepu kimeinama. Pembeni yake kuna skrubu ndogo ya kukinyanyua, ndogo kama dhamira ya mwanasiasa. Nikaweka bisibisi, nikaizungusha robo, nikarudi nusu ya robo, na blanketi likafunuka.

Asubuhi sote husimama sawasawa. Na kila "s" ilitoka na kimluzi kidogo, kama birika linaloanza kuchemka mbali.

Mke wangu akaiweka chupa chini polepole. Tangu utotoni aliambiwa na mluzi ule asimame, asome, asichelewe.

Nilimkuta mama mkwe nyuma ya nyumba anaanua nguo. Nikamsaidia kukunja shuka, maana kwa wakwe huanzi na jambo lenyewe. Tulipokutanisha pembe zetu akaniuliza mashine imesemaje. Nikamwambia imemsema yeye.

Akanieleza kwa kifupi, kama kawaida yake. Siku ya mwisho ya kurekodi, kaka na dada walipigana mlangoni kugombea zamu, mwalimu akawatoa nje wote wawili wakafagie uwanja. Akamwambia yeye, mwanafunzi mwenzao aliyekaa karibu, asimame aimbe. Alipomaliza kengele ikalia. Kumbe wale wawili waliofagia walidhani rekodi imeahirishwa.

Nikamuuliza nifanyeje Jumamosi. Kule ndani tulimsikia baba mkwe akijifunza hotuba mbele ya kioo.

"Usiongeze, usipunguze," akasema, akachukua shuka lake.

Jumamosi tuliipandisha mashine shuleni kwa toroli, na ukumbi ulijaa. Mchora mabango alikuwa juu ya ngazi, ameshaandika kwa rangi ya bluu MWIMBAJI na nukta mbili, brashi inadondosha. Shangazi alivaa gauni jipya. Baba mkwe alivaa koti la harusi yake, limefungwa kifungo kimoja kwa mapatano. Mama mkwe alikaa nyuma yao na kikapu mapajani. Shangazi alinikonyeza, baba mkwe naye akanikonyeza, nikawakonyeza wote kwa jicho moja moja, nikawasha.

Kwenye ule mstari wa kwanza, Shangazi alianza kutikisa kichwa kwa kujikubali. Baba mkwe naye alishainuka nusu kwenye kiti, hotuba iko mdomoni. Kisha zikaja zile "s". Akabaki nusu hivyohivyo, hajakaa, hajasimama, kama kabati lisiloingia mlangoni. Nilimtazama nikajua wote ukumbini wanasikia wimbo, yeye anasikia nyumba yake. Miaka thelathini na tatu ya "umeshakula," "usisahau kofia," "shusha sauti watoto wamelala."

Wimbo ukaisha. Rimu ikalia ndani ya tepu. Mwalimu mkuu akauliza ni nani. Shangazi akavuta pumzi ya kujibu, lakini baba mkwe akamtangulia.

"Si mimi," akasema. Ilimtoka kwa shida, kama msumari wa zamani. Akamshika Shangazi mkono. "Wala si wewe, dada." Akageuka nyuma. Ukumbi mzima ukageuka naye, hata mchora mabango, ngazi ikalia.

Mama mkwe alikuwa ameinamia kikapu chake.

"Nilikuposa kwa wimbo huu," baba mkwe akamwambia. "Nilikusimulia wimbo wako mwenyewe. Kwa nini hukunikatiza?"

"Ulikuwa unasimulia vizuri," akasema mama mkwe. "Kuliko nilivyoimba."

Watu walicheka, na baba mkwe alicheka wa mwisho na kwa muda mrefu zaidi, hadi kile kifungo kimoja cha koti kikakata tamaa kikaruka. Jina likaandikwa. Shangazi alisimama chini ya ngazi akikagua kila herufi, akasema kwamba kama si yeye kuanzisha ugomvi ule mlangoni, mtoto yule asingepewa nafasi, kwa hiyo kwa hesabu yoyote ya haki yeye ndiye mwalimu wake. Kesho yake alifuata mkanda wake wa ngozi. Mashine iliwekwa ndani ya kabati la kioo mlangoni pa ukumbi, na mende wa kumi na mbili alihama nayo.

Na mimi nilijiandaa kumpokea mzee asiye na hadithi. Nilipaka bawaba zangu mafuta mapema. Hakutokea. Siku ya tatu nilimkuta kwa kinyozi, shingo imefungwa kitambaa, anawasimulia watu wanne na yule mwenye koleo. Alikuwa nje anafagia uwanja, akasema, akiwa mtoto wa miaka kumi na moja, ufagio mkononi, ndipo akasikia kupitia dirishani mluzi wa "s" moja tu, akaapa palepale kwamba huyo ndiye atakayemuoa.

Mama mkwe alikuwa anapita na kikapu chake. Akasimama kando ya mlango, akaisikiliza yote, kama mtu asiyejua itaishaje.